Kiasi cha Mbaazi

Mahadhi aliisikia riziki yake kabla hajaiona. Ilikuwa inapiga kelele.

Saa nne asubuhi alikuwa akipita mbele ya duka la vitambaa la Mzee Chimanlal, katikati ya mji wa Malindi, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikanyooka kama karatasi, mkobani bisibisi sita na uongo usiohesabika. Ndipo feni ya kompyuta iliponguruma mle dukani kama ndege inayotaka kutua na imenyimwa uwanja. Mpita njia mwingine angeziba masikio. Mahadhi alisimama, akarekebisha kofia, akatabasamu. Kwake yeye, ule ulikuwa mwito.

Tumwache hapo mlangoni kidogo tumtazame, maana mwenyewe anapenda kutazamwa.

Malindi ilimwita Fundi. Alikuwa fundi kweli, na hilo ndilo linaloudhi. Mikono yake iliweza kuifungua kompyuta ikabaki mifupa na kuirudisha bila skrubu moja kusalia mezani. Angeweza kula jasho lake kwa heshima mpaka mvi zimkute. Lakini aligundua mapema kwamba watu wa mjini hawalipi kazi, wanalipa maneno. Ukiwaambia umefuta vumbi, wanakuonyesha mlango. Ukiwaambia mashine ilikuwa inakata roho, wanakuagizia na soda. Basi akaiacha kazi, akashika maneno.

Silaha yake kubwa ilikuwa kile kipimajoto cha mfano wa bastola, cha siku za Korona, tulichokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso milangoni kama mateka. Ugonjwa ulipoondoka chombo kikakosa kazi, Mahadhi akakiajiri. Anaingia ofisini, anailenga kompyuta, anabonyeza, anatikisa kichwa kwa huzuni. "Arubaini na moja. Homa hii." Na watu wazima, wenye vyeti vimetundikwa ukutani, wanashika mashavu: "Ya Rabi! Arubaini na moja!" Kompyuta kuwa na joto la arubaini na moja ni sawa na jiko kuwa na moto. Lakini nani wa kuwaambia? Hapo Mahadhi anakohoa kidogo, anatoa ubeti wake:

*Mashine ikiwa joto, dawa yake iko kwangu,*
*Usije lia kitoto, ikizima mbele yangu.*

Mizani imetimia, vina vimetimia. Kilichopungua ni ukweli tu, na huo hakuna aliyeuulizia.

Dawa yenyewe ipo, si uzushi. Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, kibati kidogo cha mraba kinachoenea kwenye vidole viwili; hicho ndicho bongo lake. Juu ya prosesa hukaa kipoza joto, chuma chenye feni mgongoni. Baina ya viwili hivyo hupakwa dawa ya kijivu, laini kama mafuta mazito, ili joto lipande kutoka kwenye bongo liende kwenye chuma. Dawa ikikauka, fundi huifuta akapaka nyingine. Kazi ya nusu saa. Mahadhi naye aliifuta na kuipaka, hakumdhulumu mtu dawa. Alichofanya ni kwamba, kila alipokiinua kipoza, aliondoka na bongo na kuacha jingine la kijinga mahali pake.

Wiki tatu nyuma alimtibu hivyo Raihana wa mtaa wa Shela, mjini hapo hapo. Raihana alikuwa na studio ya chumba kimoja. Akipiga video za harusi, akizikata na kuziunga mwenyewe, na mashine yake ilikuwa na prosesa ya daraja la juu aliyoiagiza kwa kujinyima. Mahadhi alimtuma akanunue spiriti duka la dawa. Aliporudi, prosesa yake ilikuwa tayari imelala kwenye kikopo cha ugoro mfukoni mwa Mahadhi, na mle ndani ya mashine mmekaa nyingine ya ukoo uleule, ukubwa uleule, lakini zuzu. Ile zuzu Mahadhi alikuwa ameikwaruza herufi M kwa sindano juu ya bati, asije akazichanganya mbili hizo kwa haraka zake. Mtu mwangalifu sana.

Tangu siku hiyo mashine ya Raihana ikawa inatafuna harusi moja tu. Harusi ya Wahindi, siku tatu za sherehe, imekwama humo haitoki. Maharusi wengine wakachoka kungoja, wakahamia kwa wapiga picha wengine. Raihana alimpigia Mahadhi mara sita. "Kaka, harusi ya watu imekwama, studio itanifia mkononi." Mara ya sita Mahadhi alimjibu: "Dada yangu, mashine nayo huzeeka. Ipe sabuni ya roho, subira." Akakata simu, akacheka. Hata hakuuliza ni Wahindi gani. Wahindi ni wengi.

Kile kikopo cha ugoro ndicho kilichokuwa mfukoni mwake asubuhi hii. Alikuwa njiani kukipeleka Kilifi kwa Dedan, kijana wa bara mwenye duka la michezo ya kompyuta karibu na njia ya Bofa. Mapatano yalikuwa rahisi: Mahadhi alete prosesa, Dedan ampe nusu ya duka na jina lake liandikwe ubaoni mlangoni. Mahadhi aliutamani ubao ule kama wengine wanavyotamani Hija. Malindi ilikuwa imekwisha. Alishaitibu karibu yote. Kilifi haijaugua bado.

Sasa tumruhusu aingie.

"Shikamoo, Mzee Chimanlal."

"Marahaba, marahaba. Kitambaa cha kanzu? Hiyo yako nzuri lakini ya zamani."

"Sikuja kununua, Mzee. Nimesikia kilio. Mashine yako inaumwa."

Mzee Chimanlal, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aligeuka kuitazama kompyuta iliyokuwa pembeni ya meza. "Inaumwa? Mimi nilidhani inaimba."

Mahadhi alichomoa bastola yake, akalenga, akabonyeza. "Arubaini na tatu."

"Arubaini na tatu nini?"

"Homa."

"Na mimi je? Nipime mimi."

Mahadhi akampima. Thelathini na sita. Mzee akafurahi kweli, akamwita mkaza mwana wake aliyekuwa nyuma akikunja vitambaa. "Nidhi! Njoo! Mimi mzima, kompyuta ina homa!"

Nidhi alikuja akijifuta mikono. Bibi harusi mpya, bangili nyekundu bado zimemjaa kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko, macho makubwa ya mtu anayeamini kila anachoambiwa. Mahadhi aliyapenda macho yale. Macho ya namna ile yalikuwa yamemlisha miaka minane.

"Ni kosa langu, kaka fundi," Nidhi alisema. "Hiyo mashine tumeinunua juzi kwa Mtaliano mmoja wa Bofa, akichora ramani za majumba. Karudi kwao, kauza kila kitu. Baba akaipata kwa bei ya kutupa."

"Ya kutupa sana," Mzee aliongeza, kwa fahari.

Hapo ndipo Mahadhi alipoiona ile stika. Ilikuwa kwenye kona ya kasha, ya rangi ya dhahabu, inang'aa, na juu yake limeandikwa jina la prosesa ya daraja la juu kabisa, daraja ambalo Mahadhi alikuwa akilisoma kwenye simu tu na kumeza mate. Mchora ramani. Mtaliano. Bei ya kutupa. Mahadhi mwenyewe ni mtu aliyekuwa na bahasha nzima ya stika za dhahabu nyumbani kwake, akizibandika kwenye mashine mbovu kabla ya kuziuza. Stika moja ya mwenziwe akaiona, akaiamini.

"Nipeni dakika moja," alisema, akatoka barazani, akapiga simu Kilifi.

"Dedan, ile ndogo isahau. Nakuletea jumba zima."

"Mimi sitaki jumba, buda. Niletee ile tulisema. Mchoraji ako hapa, rangi imefunguliwa."

"Mwambie aandike Mahadhi kwanza. Mahadhi na Dedan."

"Duka ni langu na jina lako litangulie?"

"Ukiiona utaniita na shikamoo."

"Sawa. Lakini nataka prosesa leo. Leo ikipita, hiyo nusu napea Simeon, amekuwa akiniomba tangu Januari."

"Simeon!" Mahadhi alitema jina lile kama kokwa. "Simeon hajui hata kushika bisibisi."

Akarudi dukani, akakunja mikono ya kanzu, akalifungua kasha.

La kwanza aliloliona ni nyaya za ndani zilizofungwa vizuri kwa vipande vya leso, vifundo vidogo vya rangi. Kitu fulani kikamgusa nyuma ya kichwa. Alishawahi kuona vifundo vya namna ile, mahali fulani. Lakini duka hili si la vitambaa? Wahindi hawa watafunga kwa nini kingine? Akacheka ndani kwa ndani ubahili wa watu, akaendelea.

La pili lilimfanya acheke kwa sauti. Alifungua skrubu nne za kipoza joto, akakiinua, kikatoka kwa shida kama mguu kwenye tope. Chini yake hapakuwa na prosesa. Palikuwa na kilima. Dawa ya kijivu imejaa, imefurika, imemwagika pembeni, imepanda mpaka kwenye skrubu.

"Lahaula! Dada, nani kafanya hivi?"

Nidhi aliinamisha kichwa. "Mimi. Fundi mmoja aliniambia kwa simu, ikipata joto weka dawa, kiasi cha mbaazi. Nikaweka."

"Kiasi cha mbaazi?"

"Mbaazi za kula na mahamri, si ndizo? Nikachukua sahani ile ndogo, nikapima. Ilikwenda mirija mitano." Akanyanyua macho, ana wasiwasi. "Nazi sikutia."

Mahadhi alikaa chini. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kanzu. Nazi hakutia! Mtu wa pwani ukimtajia mbaazi, anaona bakuli, anaona tui, anaona mahamri manne pembeni. Hii angeisimulia Kilifi mwaka mzima.

"Sikiliza, dada yangu, nikufundishe bure," alisema, akijawa na ukarimu wa mtu anayekaribia kuiba. "Wakisema mbaazi ni punje. Punje moja. Unaiweka katikati, basi. Ukiibana itasambaa yenyewe."

"Punje moja tu?"

"Moja."

"Si itakuwa haba?"

"Haba ni akili za watu, si dawa."

"Punje moja, katikati, ukiibana itasambaa yenyewe," Nidhi alirudia polepole, kama mtoto wa chuoni anayeshika aya.

Mahadhi akafyatua kile kikono cha chuma kinachoibana prosesa, akainyanyua kwa ncha za vidole. Ilikuwa imevikwa dawa juu yote. Maandishi hayaonekani hata herufi moja. Aliitazama kama mtu anayetazama mkufu ndani ya matope. Kisha akabadili uso, akauvaa ule wa msibani.

"Mzee, poleni. Imekufa."

"Nani?"

"Prosesa. Imezama katika dawa. Na mkae mbali nayo. Dawa ikishapikwa na joto inageuka sumu, ukiipangusa kwa mkono, ngozi yote hiyo inaondoka. Nitaichukua mimi, nikaizike panapofaa."

Wala hakukuwa na sumu wala kuzika. Lakini tulishike neno hili, kwa sababu tangu alipolitamka, yeye mwenyewe hakuweza tena kuipangusa mbele yao na kuisoma. Aliufunga mlango huo kwa mkono wake.

"Iliyokufa ni yangu," Mzee Chimanlal alisema.

"Ni sumu, Mzee."

"Sumu yangu. Nitaiuza kwa wanunuzi wa vyuma."

"Hawanunui."

"Wananunua hata pini. Juzi nimewauzia makasi bila jicho moja."

Ubahili huu wa Mzee ulimthibitishia Mahadhi kwamba kitu kile ni cha thamani; hata chongo cha makasi kisingempita. Akapiga hesabu zake kwa haraka. Zuzu nyingine hakuwa nayo, ya mwisho aliiacha Shela. Mkononi alikuwa na ile ya kikopo cha ugoro tu, na kwa bahati kubwa tundu la prosesa la mashine hii lilikuwa la aina ileile. Bahati! Hivi ndivyo alivyoiita. Atoe nzuri, achukue bora. Dedan atakuwa wa pili ubaoni.

"Mzee, kwa kuwa naheshimu mvi zako," alisema, "hapa nina prosesa nzima, hai. Nakutilia bure. Badala yake nipe maiti."

"Hai kwa maiti?" Mzee alivua miwani, akaifuta. "Mbona unapata hasara, mwanangu?"

"Natafuta thawabu."

"Thawabu bila nyongeza mimi siijui. Niongeze na hiyo bastola."

"Hiki ni kitendea kazi changu!"

"Basi na hiyo sumu ni kitendea kazi changu. Nidhi, funga kasha."

Nidhi alinyoosha mkono kulifunga. Mahadhi aliweka kipimajoto mezani haraka mpaka kikaruka.

"Na iwake kwanza," Mzee alisema. "Isipowaka, hakuna maiti."

Sasa, hakuna aliyewahi kumwona Mahadhi akifanya kazi kwa moyo kama asubuhi hiyo. Alilisafisha lile tope lote kwa spiriti, pamba na mswaki, ubao ukang'aa. Alikitoa kibati cha Raihana kwenye kikopo, akatafuta ile alama ndogo ya pembetatu kwenye kona yake, akailinganisha na pembetatu ya kwenye tundu, akakiacha kikae chenyewe bila kukisukuma hata kwa pumzi. Akakishusha kikono, kikalia tik. Akaufuta uso wa bati mpaka akajiona. Akatoa mrija wake wa dawa bora, ule wa wateja asiowaibia, ambao haukuwahi kufunguliwa. Tone moja katikati. Akashusha kipoza, akakaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, mpaka zote zikashika sawa. Fundi wa kweli angekuwapo pale angempa mkono. Na kazi hii yote nzuri, ya kwanza kuifanya kwa uaminifu tangu mwaka juzi, aliifanya katika kuiba.

Akawasha. Feni ikavuma kwa upole, kama mtu anayepuliza chai. Kioo kikawaka mara moja.

"Ina neno la siri," Nidhi alisema, akakigeuza kioo upande wake, akaandika, akatazama. Alitazama kwa muda. Kisha akacheka kidogo, peke yake, mkono wenye bangili mdomoni.

"Inakwenda?" Mzee aliuliza.

"Inakwenda, Baba. Inakimbia."

"Basi mpe maiti yake."

Nidhi akaifunga ile prosesa yenye kilima cha dawa ndani ya karatasi, kwa ncha za vidole, anaogopa sumu. Mahadhi akaitia mfukoni mwa kanzu, upande wa moyo, akaaga, akaondoka akiimba ubeti wake.

Alipofika Kilifi, saa nane, dawa ilikuwa imepenya karatasi. Kifuani mwa ile kanzu nyeupe palikuwa na doa la kijivu la ukubwa wa sahani ndogo. Alijaribu kulifuta, likatanuka. Dawa ile haina adabu. Ukiigusa kidoleni, jioni utaikuta sikioni.

Nje ya duka mchoraji alikuwa juu ya ngazi. Ubao ulikuwa umefika MAHADHI NA. Mahadhi aliusoma mara mbili, akajisikia amerefuka.

"Umechomwa kisu?" Dedan aliuliza, akitazama doa.

"Nimebeba bongo la Mtaliano. Leta kitambaa. Na ukae, usije ukaanguka."

Dedan hakukaa. Alichukua kitambaa, akamwagia spiriti, akapangusa mara moja, akapangusa mara ya pili. Akasogea kwenye mwanga wa mlango. Akasoma. Akasoma tena.

"Buda, hii ni ile ya kompyuta za kufundishia watoto alfabeti."

"Ipanguse vizuri."

"Nimepangusa. Na mtu ameichora hapa. Kuna herufi."

"Herufi gani?"

"M."

Mahadhi aliinyakua. Ilikuwa pale, kwenye kona, imekwaruzwa kwa sindano kwa mkono wa mtu mwangalifu sana. Aliijua ile M. Aliijua kama anavyojua sahihi yake.

Vifundo vya leso vikamrudia. Shela. Meza ya Raihana, nyaya zake zimefungwa vipande vya leso, na yeye akimwambia dada yangu una mikono ya usafi, huku akimwibia. Tundu la aina ileile: bahati! Bangili za bibi harusi. Harusi ya Wahindi. Wahindi ni wengi.

"Dedan, nipe mpaka kesho."

Dedan alikuwa ameshageuka. "Mchoraji! Hilo jina la kwanza paka rangi juu. Andika Simeon. Hapana, weka Dedan kwanza, halafu Simeon."

"Na hiyo NA?" mchoraji aliuliza.

"NA tutaitumia."

Asubuhi ya pili Mahadhi alisimama tena mbele ya Mzee Chimanlal, kanzu ileile, doa lilelile. Pembeni ya meza palikuwa na marobota ya kitambaa.

"Mzee, ile mashine iko wapi?"

"Mashine gani? Mimi nauza vitambaa." Mzee alimtazama kifuani. "Hilo doa halitoki. Nikukatie kanzu mpya?"

Akaenda Shela kwa miguu, hasira inamtangulia. Mlango wa studio ulikuwa wazi. Ndani, kwenye kasha lake la zamani, mashine ilikuwa inavuma taratibu, na ubavuni imebandikwa stika ya dhahabu. Kwenye kioo, mama mkwe wa Nidhi, Bi Prabhavati, alikuwa akicheza harusini, sari imekunjwa kiunoni, anazunguka bila kukwama hata nukta moja. Nidhi alikuwa amekaa mbele ya kioo anapiga makofi. Raihana alisimama nyuma yake, mkono kiunoni.

"Karibu, Fundi," Raihana alisema. "Tulisema hutachelewa."

"Mmeniibia!"

"Nini?"

Mahadhi akapiga hesabu zake. Angesema prosesa yake? Ya nani? Aliitoa wapi?

"Mimi nilipokwenda kushtaki," Raihana alisema, "niliulizwa, mama, umeibiwa bongo, una risiti ya bongo? Sikuwa nayo. Wewe unayo yako?"

"Raihana, wallahi..."

"Mungu mwache. Nikazunguka kwa mafundi wa mji mzima natafuta prosesa ya aina yangu ninunue nyingine. Wote jibu moja: Malindi nzima iko moja tu, anayo Mahadhi kwenye kopo la ugoro, anaitangaza kama samaki. Basi nikajua iko hai. Kasha nilibadili usiitambue, kikabaki kitu kimoja, bongo lenyewe nani ataniwekea? Mimi nikilishika linanitoa jasho." Akaipapasa mashine. "Nikasema ngoja niite fundi bora. Na kazi yako ni safi, Mahadhi. Haki yako nakupa. Ungekuwa unafanya hivi siku zote, leo ungekuwa na jina mlangoni."

Hilo la jina lilimwingia pabaya.

"Na wewe," akamgeukia Nidhi, "na macho yako hayo! Mbaazi! Nazi sikutia!"

"Sikutia kweli," Nidhi alisema. "Ningetia, ungeonja."

Raihana alichukua kitu mezani. Ilikuwa ile bastola. Alimlenga Mahadhi pajini, akabonyeza, akatikisa kichwa kwa huzuni ileile, ileile kabisa.

"Thelathini na tisa. Homa hii. Kaa, kaka yangu, dawa yake iko kwangu. Umekula?"

Mahadhi hakuwa amekula tangu jana. Harufu ya mahamri ilikuwa imejaa chumbani, na sufuria ya mbaazi za nazi inafuka kwenye jiko dogo la kona. Akakaa. Tumbo halina fahari.

Raihana alimwekea sahani mbele yake, akaifunika kwa kawa, akasogea nyuma. Nidhi alisimamisha harusi, Bi Prabhavati akabaki kioo kizima mkono juu, naye kama anangoja.

Mahadhi akafunua.

Sahani ilikuwa nyeupe, safi, imepanguswa mpaka inang'aa. Katikati yake, punje moja ya mbaazi.

"Ibane," Nidhi alimwambia kwa upole. "Itasambaa yenyewe."